Vazi Jipya la Mstari Mmoja

Fununu ikishaingia sikioni ni kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua: mdogo, lakini hulali. Mama Keki aliipata ya kwake katika jiko la harusi ya watu, akiwa anapachika maua ya sukari kwenye keki aliyoagizwa. Nyuma yake waosha vyombo walikuwa wanapiga soga.

"Yule kijana wa mstari mmoja, yule anayewauzia wenye maduka hewa, nasikia kapata mchumba."

"Nani huyo kajitoa mhanga?"

"Binti wa muoka keki."

"Muoka keki yupi?"

"Sijui. Kwani wako wengi?"

Hawakuwa wengi. Mtaa ule ulikuwa na muoka keki mmoja tu, naye alikuwa amesimama pale pale, ua la sukari limemvunjikia mkononi.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama Keki alijaribu kuifukuza ile habari. Aliifukuza kwa kazi, akaifukuza kwa sala, lakini kila akimwona bintiye, kitinda mimba wake, anacheka na simu peke yake, mbu yule alirudi: nziiii. Hata hivyo mtoto wa watu hakataliwi kwa maneno ya jikoni. Basi mama akafunga mdomo, akafungua macho. Na sisi tuyafungue, tumfuate huyo kijana tangu pale alipoanza.

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Mstari Mmoja, na hilo alijipa mwenyewe kwa jinsi alivyolirudia. Alikuwa na kompyuta ya kupakata, miwani isiyo na namba, na sauti laini kiasi kwamba akikuambia mvua inanyesha, unaweka mwavuli chini ili usikie vizuri.

Siku riziki ilipomjia, alikuwa kwenye duka la kuchapisha, anachapisha barua ya kumsifu yeye iliyoandikwa na yeye. Kwenye kiti cha pembeni, mwanamke mmoja alikuwa anagombana na fundi wa tovuti. Mwanamke huyo ni Mama Magauni, mwenye duka la kukodisha nguo za harusi, na wateja wake huchagua nguo kwenye tovuti yake kabla ya kuja kujaribu.

"Mama," fundi alisema kwa uchovu, "vazi la tovuti yako limepitwa na wakati. Limetoka toleo jipya lenye viraka vya kuziba matundu. Lakini hili ni la kulipia, halisasishwi bila leseni. Nunua leseni."

"Si nilishanunua tovuti? Sasa nanunua nini tena? Nikikukodisha gauni leo, kesho nakuja kukuuzia zipu yake?"

"Zipu ikiharibika wezi wanaingia, mama."

"Kwenye gauni?"

Fundi alishika kichwa, akaaga, akaondoka. Alikuwa mtu mkweli, na watu wakweli wengi hawajui kuongea. Hilo nalo ni hasara ya dunia.

Kwa wale wasioyajua haya, tuelewane kidogo. Tovuti nayo huvaa. Rangi zake, vitufe vyake, mahali picha zinapokaa, vyote hivyo ni vazi lake. Wenye kazi huliita thimu. Kuna vazi la bure na kuna la kulipia. La bure, fundi anafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, anaandika amri moja, na toleo jipya linaingia. La kulipia linauliza kwanza, kama bawabu: leseni iko wapi? Ukiwa nayo, hata hilo linaweza kupangwa lijisasishe lenyewe kwa amri moja. Ukiwa huna, unabaki na la zamani, matundu yake wazi.

Mstari Mmoja alikunja barua yake ya sifa, akasogeza kiti.

"Shikamoo mama. Samahani, si tabia yangu kusikiliza ya watu."

Ilikuwa tabia yake. Ndiyo iliyokuwa inamlisha.

"Marahaba. Nawe unauza zipu?"

"Mimi siuzi kitu, mama. Mimi nasasisha. Yule bwana anataka ununue leseni ya bei ya jengo. Mimi nimetengeneza mstari mmoja. Naandika mstari mmoja tu kwenye dirisha jeusi, na mavazi ya kulipia ya wateja wangu wote yanajisasisha, leseni au hakuna leseni. Wewe unanipa kidogo kila mwezi, kidogo kabisa, kama nauli."

"Leseni ya nani unatumia?"

"Mama, ukienda harusini ukala ukashiba, unauliza nani kanunua sahani?"

Mama Magauni alicheka. Na mwanamke anayependa rahisi, akishacheka, mkoba umeshafunguka. Tusimfiche, tamaa alikuwa nayo, kama sisi sote.

Siri ya ule mstari tuiseme mapema, asije akatokea mtu wa kuusifu. Haukuwa unafanya kitu. Mstari Mmoja alikuwa ameokota vazi moja la kulipia, la wizi na la zamani, kwenye majalala ya intaneti, akawavisha wateja wake wote. Kisha akaandika amri, akaipa jina *sasisha-mavazi-yote*, na kazi ya amri hiyo ilikuwa moja tu: kuandika maneno ya kijani kwenye dirisha jeusi, taratibu, yakipumua katikati kama mtu aliyebeba mzigo. *Inatafuta toleo jipya. Limepatikana. Inapakua kutoka ng'ambo. Inasakinisha. Imefaulu.* Baada ya hapo yeye mwenyewe, akishafika kwake, alibadilisha ile namba ya toleo inayoonekana chini ya tovuti. Namba tu. Kama mwenye duka anayekwangua tarehe kwenye mkate wa juzi na kubandika ya leo.

Na alikuwa na adabu ya kazi, msimdharau. Mwisho kabisa alimgeuzia mteja kompyuta na kusema, "Bonyeza mwenyewe, mama. Tovuti ni yako." Mteja alibonyeza kwa kidole kimoja, herufi za kijani zikashuka, na mtu mzima akajiona kama amerusha ndege.

Biashara ikashika moto. Mama Magauni akamleta kinyozi, kinyozi akamleta mwenye duka la viatu, mwenye viatu akamleta shemeji yake. Ni kweli kwamba tovuti ya kinyozi iliingiliwa na wezi, ikaanza kutangaza dawa ya kuotesha nywele.

"Mimi nanyoa!" kinyozi alilalamika. "Mbona natangaza kuotesha?"

"Hiyo ni huduma ya ziada, kaka. Zisipoota utanyoa nini?"

Kinyozi akafikiri, akaona ni kweli.

Ni kwa shemeji wa mwenye viatu, mwenye saluni, ndiko Mstari Mmoja alikokutana na Kitinda, binti wa Mama Keki, aliyekuwa akisuka nywele za watu huku akiyatazama yale maneno ya kijani yakishuka. Hapo kijana akapatikana. Kwa wengine wote alikuwa mwongo, lakini kwa msichana huyu moyo wake ulikuwa wa kweli, na hilo ndilo linalouma katika habari hii. Alitaka kuoa. Alitaka kuitwa baba fulani. Akatuma salamu nyumbani kwa kina binti, na Kitinda akamletea jibu.

"Mama kasema uje Jumapili. Kasema uje kama ulivyo, vitu vya kuazima hataki."

Mtu mwingine angesikia "njoo kama ulivyo" akatulia. Mstari Mmoja alisikia "vya kuazima hataki", akaona anahitaji suti mpya ya kununua.

Basi akaenda kwa Mama Magauni, amchangamshe kwa sasisho la mwezi kisha aulizie suti. Kwa haraka yake alienda alasiri, wakati siku zote huenda asubuhi. Na alasiri katika duka la Mama Magauni ni saa ya pasi. Duka lile lilikuwa na soketi moja tu ya kuaminika, na kila alasiri alikichomoa kisanduku cha intaneti, akachomeka pasi ya mvuke. Alifanya hivyo siku zote, bila kuwaza, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

"Mama, bando la simu limeniishia tangu asubuhi," kijana alisema akikaa. "Natumia intaneti yako kama kawaida."

"Tumia, mwanangu."

Akafungua dirisha jeusi. Akaandika mstari wake. Akamgeuzia kompyuta. "Bonyeza, mama. Tovuti ni yako."

Mama Magauni, pasi mkono huu, akabonyeza kwa mkono ule. Herufi za kijani zikaanza kushuka. Naye, katika kugeuka ili asiunguze shela ya watu, macho yake yakaangukia rafuni. Kisanduku cha intaneti kilikuwa kimezima kabisa. Waya wake ulining'inia kama mkia wa mjusi aliyekufa.

Akatazama kisanduku. Akatazama kompyuta. *Inapakua kutoka ng'ambo.*

"Linakuja?" akauliza.

"Linakuja, mama. Hilo hapo. *Imefaulu.*"

"Limetoka ng'ambo?"

"Ng'ambo moja kwa moja."

"Limepita wapi?"

"Hewani, mama. Huwezi kuliona."

"Kweli," alisema Mama Magauni. "Sijaliona."

Mwanamke mwingine angepiga kelele mtaa mzima ujae mlangoni. Lakini huyu alikuwa amezeeka katika biashara ya kukodisha nguo. Amerudishiwa magauni yenye mvinyo, yenye masizi, moja lilirudi na jino la mtoto mfukoni, na kila aliyerudisha aliapa alilikuta hivyo hivyo. Alikuwa amejifunza kwamba mwongo ukimpigia kelele, anakimbia na mali yako. Ukimpa kiti, anakaa. Mjinga akierevuka, mwerevu yumo mashakani. Na Mama Magauni alierevuka pale pale, bila kuinua pasi.

"Ahsante, mwanangu. Unaonekana una furaha. Kuna nini?"

Kijana akamwaga yote. Jumapili. Kwa Mama Keki. Kitinda. Suti mpya, ya kununua.

"Kwa Mama Keki!" Mama Magauni aliirudisha pasi kwenye kiti chake taratibu. "Una bahati mno. Ninayo moja inakuja kutoka ng'ambo."

"Inafika lini?"

"Ikishapakuliwa. Njoo kesho kutwa."

Alipoondoka, mama aliingia chumba cha nyuma, akatoa suti moja ya rangi ya majivu. Suti hiyo ilikuwa imeoa wanawake wengi kuliko sultani yeyote. Imelishwa keki, imelowa machozi ya wakwe, imecheza mpaka magoti yakang'aa. Akaipiga mvuke magoti yakanywea. Akaibadilisha vifungo. Akatoa lebo iliyofifia, akashona mpya yenye maandishi ya dhahabu. Mwisho akakaa na sindano na uzi, akashona kitu kidogo ndani, huku anacheka peke yake. Ni kitu gani, tutakiona kikivuliwa.

Kesho kutwa kijana alishika lebo kwanza.

"Toleo jipya, eeh?"

"La mwisho kabisa. Soma mwenyewe."

Mama akamtajia bei ambayo ingetosha kununua suti pamoja na fundi aliyeishona. Kijana akameza mate.

"Kama ni nzito," mama alisema kwa huruma, "ninazo za kukodi. Zile zilizovaliwa na watu."

"Za kukodi hapana!" Akalipa. Alilipa kwa mavuno yake ya kinyozi, ya viatu, ya saluni na ya Mama Magauni mwenyewe, mpaka pochi ikabaki na picha yake tu. Lakini ulimi haukumwishia. "Na ikichakaa je, mama? Sasisho lipo?"

"Wewe usijisumbue, mwanangu. Inajisasisha. Ila usiivae njiani ikaingia vumbi. Ibebe kwenye mfuko wake, uivae ukikaribia."

Jumapili ikafika. Sebule ya Mama Keki ilikuwa imepigwa deki mpaka inateleza. Mama amekaa, mjomba wa binti amekaa kwenye kiti kikubwa kama hakimu, Kitinda anapita na birika la chai macho chini, lakini pembe ya mdomo juu. Mstari Mmoja akaingia ndani ya suti yake, amenyooka kama kaptula ya skauti.

"Karibu, kijana," mjomba alisema. "Unafanya kazi gani?"

"Nasasisha, mjomba."

"Unasasisha nini?"

"Chochote kilichochakaa."

"Basi uanze na goti langu."

Wote wakacheka, hata Mama Keki, na katika kucheka huko moyo wake ukalegea kidogo. Kijana alikuwa mchangamfu. Alimtazama Kitinda kama mtu anayetazama taa. Pengine waosha vyombo ni waosha vyombo tu, mama aliwaza. Midomo yao nayo hupenda povu.

"Kula keki, baba," akamsogezea sahani.

Kijana akanyoosha mkono wa kushoto. Mkono wa koti ukapanda juu, upande wa ndani ukageuka, na pale karibu na pindo Mama Keki akaona doa hafifu la buluu. Lilikuwa na umbo la bata.

Alimjua bata yule. Alimzaa yeye. Ilikuwa harusi ya mtoto wa kaka yake, mtoto wa huyo huyo mjomba aliyekaa kwenye kiti kikubwa. Bwana harusi aliegemea keki kabla sukari haijakauka, na mama alilisugua doa lile jikoni kwa limau na chumvi mpaka vidole vikauma, na bata asitoke.

Akamtazama kaka yake. Mjomba naye alikuwa ameacha kutafuna.

Sasa sikilizeni, mabinti, maana hapa ndipo. Mama Keki hakukasirika. Suti ya kukodi si dhambi. Nusu ya wanaume wa mtaa ule walioa nayo hiyo hiyo. Moyoni aliweka nadhiri: *akisema kaazima, fununu yote naitupa jalalani, na binti nampa.* Akauliza kwa upole, sauti ya mama, si ya polisi:

"Suti nzuri, mwanangu. Umeiazima wapi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kupita.

"Kuazima?" Mstari Mmoja akacheka. "Mama, mimi na kuazima wapi na wapi! Hii ni mpya. Toleo la mwisho. Imeingia wiki hii kutoka ng'ambo."

Mjomba akakohoa keki. Kitinda aliyekuwa anamimina chai akasimamisha birika hewani.

"Basi ivue kidogo," Mama Keki alisema. "Una sukari begani, nikupanguse."

Koti likavuliwa. Mama akaligeuza kama anavyogeuza keki kuangalia chini kama imeungua. Lebo ilikuwa mpya, vifungo vipya, kitambaa kile kile. Akaingiza vidole mfuko wa ndani, akahisi nyuzi, akaitoa bitana nje. Pale, kwa uzi wa kijani, kwa herufi safi za mkono wa fundi, palikuwa pameshonwa neno moja. Akalisoma kwa sauti:

"Imefaulu."

"Imefaulu nini?" mjomba akauliza.

Mstari Mmoja alikuwa ameelewa. Pale kwenye kiti, na shati lake la jasho, alikiona kisanduku kilichozima, waya, pasi, na uso wa Mama Magauni ukisema *sijaliona*. Lakini aliyeelewa haraka kuliko yeye alikuwa Kitinda. Neno lile alilijua. Lilikuwa linashuka kijani kwenye ile kompyuta, kule saluni, kila mwezi, na yeye alikuwa akilipigia makofi.

Akaliweka birika chini taratibu.

"Kumbe na mimi," alisema, "ulikuwa unanisasisha."

Kijana akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, haukutoka hata mstari mmoja.

Alitoka pale, koti begani, akaenda moja kwa moja kwa Mama Magauni. Alimkuta anapiga pasi.

"Mama, umeniibia!"

"Nimekuibia nini? Lebo si mpya?"

"Lebo mpya, lakini vazi ni la zamani!"

"Eeeh," alisema Mama Magauni, na pasi ikapumua mvuke. "Leo tunaongea lugha moja."

Suti alibaki nayo. Mama yule hakuipokea hata kwa kukodishwa, alisema imeshachoka kuoa. Wenye maduka walimrudia yule fundi mkweli, wakanunua leseni kwa kunung'unika, naye akawapangia amri halisi, mavazi yao yakawa yanajisasisha kweli wakiwa wamelala. Kinyozi aliomba lile tangazo la nywele libaki. Lilikuwa linamletea watu.

Kitinda alilia siku zake, kisha akaacha. Na Mama Keki, baada ya Mama Magauni kumsimulia habari ya waya, ingawa mkono wake si mwepesi wa kalamu, aliandika haya akayabandika kando ya jiko la keki, binti ayaone na yeyote apitaye ayaone.

VYA KUEPUKA

Kitu cha kulipia ambacho mtu anakupa bila kulipia. Kuna aliyelipa, au utalipa wewe baadaye.

Leseni isiyo na jina lako.

Kubonyeza kwa sababu umeambiwa bonyeza.

Kuamini namba ya toleo iliyoandikwa chini. Nenda kwa waliolitengeneza vazi, uulize wao wamefikia namba gani.

Fundi anayekukataza kuchomoa waya. Chomoa kwanza, kisha mwambie asasishe, umtazame usoni.

Kumfukuza fundi mkweli kwa sababu hajui kuchekesha.

Mchumba asiye na jina la kazi yake.

Na mtu asiyeweza kusema "hiki nimeazima". Huyo muepuke kuliko hao wote, hata kama anakutazama kama taa.